Maji Usoni mwa Leokadia

Simu ilinikuta uani kwangu Izia, Sumbawanga, nikigeuza ulezi kwenye turubai. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni mtoto wa kaka yake Leokadia, akanipa shikamoo, kisha akasema shangazi yake amefariki jana kwa homa ya mapafu na bibi yake, mama wa marehemu, ameagiza niambiwe mapema. Nilimpa pole. Halafu nikauliza jambo ambalo mtu aliyepewa habari ya msiba haulizi: "Macho yake yalikuwa bado yanaona?" Kijana akajibu: "Alikuwa anaona, bibi. Jicho moja lilikuwa na ukungu, lakini la pili zima kabisa. Kuchagua mawe kwenye maharage alikuwa anatushinda wote." Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye kigoda palepale juani. Nililia, na ninakiri kwamba sikulia kwa sababu ya kifo peke yake. Nilikuwa nimepewa miaka thelathini na mitano ya kumwambia mama yake Leokadia jambo moja, na sikuwa nimemwambia.

Nimelea watoto wenye ulemavu wa akili maisha yangu yote ya utu uzima, na tangu nistaafu huwa naitwa mara mojamoja kuzungumza na vijana wanaosomea kazi hiyo. Kila mara atasimama mmoja mwenye daftari jipya aulize: "Mama, ni halali kumwadhibu mtoto ili kumponya?" Kabla sijafungua mdomo wenzake watakuwa wameshajibu. Mmoja atasema haiwezekani kabisa, huo ni ukatili. Mwingine atasema mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Wote wawili hunikera. Wa kwanza hajawahi kukaa na mtoto anayejipofusha mbele ya macho yake, na wa pili hajawahi kujiuliza kama yule anayechapwa anajua anachapwa kwa lipi. Mimi huwasimulia jinsi jicho la Leokadia lilivyookolewa, wananishukuru, tunakunywa soda, narudi nyumbani. Nusu ya pili ya habari hiyo sikuwa nimewahi kuitoa mdomoni.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na ndiyo kwanza nimeajiriwa kuwa mlezi. Kituo chetu kilikuwa pembeni ya mji, mahali ambapo nyumba zilikuwa zinaisha na mashamba ya mahindi yanaanza. Siku hizi hakipo tena. Kilikuwa na bweni la wavulana, bweni la wasichana, jiko la kuni lenye moshi mchana kutwa, na chumba kirefu cha sakafu nyekundu ambacho tulikiita darasa ingawa hakikuwa na ubao. Watoto walikula humo, walicheza humo, na mvua ikinyesha walilala mchana humo. Asubuhi tuliwapa uji wa ulezi, mchana ugali na maharage, na Ijumaa dagaa walioletwa kutoka Kabwe, ziwani, ambao harufu yao ilikuwa inakaa kwenye mapazia mpaka Jumatatu. Mkuu wa kituo tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mpole wa sauti, aliyesomea kazi yake nje ya nchi na kurudi na sanduku la vitabu. Baridi ya Ufipa ilimtesa sana. Alivaa sweta mbili na bado alikuwa akituuliza sisi wenyeji tunaishije.

Leokadia aliletwa mwezi wa tatu na mama yake, kutoka kijiji kimoja cha njia ya Namanyere. Alikuwa na miaka tisa, hasemi, na mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kanga mgongoni. Nilikasirika nilipoiona ile kanga. Nikaifungua mwenyewe, nikimwangalia mama yake kwa jicho la kumlaumu, na kabla sijaikunja mtoto alikwishajipiga ngumi ya jicho mara nne. Alitumia kifundo cha kidole cha kati, akilenga jicho la kulia, kwa nguvu ambayo sikujua mtoto anayo. Ule mlio ninao mpaka leo.  Mama yake alichukua kanga mikononi mwangu akamfunga tena, taratibu, akimsemesha kwa Kifipa kwamba wamefika, wamefika.

Tulijaribu kila tulichokijua na kila kilichokuwa kwenye vitabu vya Mwalimu. Tulimpa vitu vya kushika. Tulimwimbia. Tulimvalisha soksi za sufu mikononi, akazivua kwa meno. Tulimtuza kipande cha muwa kila dakika aliyotulia, akala muwa kwa mkono mmoja na kujipiga kwa mkono wa pili. Daktari akampa dawa iliyomfanya adondoshe mate na kulala akiwa amekaa, tukaiacha. Mwezi wa tano tukampeleka kwa daktari wa macho, naye alisema jicho la kulia limekwishaharibika nusu na ameanza kulipiga na la kushoto. Alisema ngozi ya ndani ya jicho ikibanduka hana la kufanya. "Ni kiasi cha wiki," alisema. "Msije mkaniambia sikuwaambia."

Mwalimu alimwita mama yake. Tulikaa watatu ofisini, mimi katikati, kwa sababu Kiswahili cha Mama Leokadia kilikuwa kidogo na Mwalimu hakujua Kifipa hata cha kusalimia. Kila neno lililopita kati yao lilipita kwangu. Mwalimu aliweka mezani chupa ya plastiki ya kunyunyizia maji, zile za mafundi wa nywele, na akaeleza: mtoto akijipiga jicho, hapohapo atanyunyiziwa maji ya baridi usoni, kila mara, bila kukosa, mpaka ajifunze kwamba ngumi inaleta maji. Alisema haipendi njia hii. Alisema wapo wenzake waliosoma naye ambao wasingemsalimia wakisikia anaitumia. Halafu akavua miwani, akajipulizia mwenyewe mara tatu, maji yakamchuruzika mpaka kwenye sweta, na akanipa mimi chupa nijaribu. Mama Leokadia naye akanyoosha uso. Nilimpulizia. Alifumba macho, kisha akauliza kwa Kifipa: "Mtoto atajua kwamba hatumchukii?" Nikatafsiri. Mwalimu akajibu kwamba atajua mkono wake ndio unaoleta maji. Mama akasema, "Sikuuliza hilo." Mwalimu akainamisha kichwa. Alisema hajui jibu lake. Nilimheshimu kwa hilo na bado namheshimu. Mama Leokadia akaweka dole gumba kwenye karatasi, akasema jicho kwanza, mengine tutazungumza likiwa zima. Alirudi kijijini siku ileile, maana alikuwa na mavuno.

Mwalimu alitupa masharti. Ni sisi wawili tu tutakaoshika ile chupa, yeye na mimi. Ni kwa ngumi za jicho tu, si kwa kosa lingine lolote. Na kila mara iandikwe kwenye daftari. "Na usisite, dada Vere," aliniambia. "Ukimwonea huruma ukaruka mara moja, unamfundisha kwamba akizidisha atakuchosha. Utakuwa umemmwagia maji yote yale bure. Ukiwa na chupa usifikiri. Fikiri jioni, tukikaa." Tuliiweka chupa dirishani upande wa upepo, na mwezi wa sita wa Sumbawanga maji ya hapo yanauma meno. Siku ya kwanza nilijaza kurasa mbili za mistari. Mtoto alilia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa alipokuwa anajipiga, na mimi niliandika mstari mwingine. Siku ya nne ukurasa haukujaa. Wiki ya tatu tulipata asubuhi nzima bila mstari hata mmoja, na Mwalimu alinipa mkono kana kwamba nimejifungua. Leokadia alianza kukaa karibu na watoto wengine. Alianza kula kwa mikono miwili. Sijawahi kuona dawa iliyofanya kazi hivyo, na yeyote anayewaambia kwamba adhabu haifanyi kazi hasemi kweli. Inafanya kazi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwangu miaka yote hii. Ingekuwa haifanyi kazi ningekuwa nimekwishajisamehe.

Kitu kinachofanya kazi kila mtu hukitaka. Mwezi wa saba nilikuwa nachambua mchicha nje ya jiko nikamsikia mpishi wetu ndani akimwambia mfuaji nguo, "Yule wa Namanyere siku hizi hana shida. Akichelewesha chakula namwonyesha ile chupa tu, anameza." Wakacheka. Na mimi nje nilicheka. Nilipaswa kuingia na kuichukua chupa yenyewe, maana haikupaswa kufika jikoni, lakini nilicheka kwa sababu ni kweli alikuwa anameza, na vyombo vilioshwa mapema. Baadaye kidogo Mwalimu naye akaongeza sharti. Kulikuwa kumebaki ngumi moja moja za ghafla, na akaona tukisubiri mpaka ngumi ifike tumechelewa. Tuwahi mikono ikiwa njiani. Mikono ikipanda kupita kifua, maji. Niliona ni akili nzuri. Hata leo, kwa mtu wa Tanga, naona ilikuwa akili nzuri.

Kwetu Ufipa mtoto akipewa chakula na mkubwa hapokei hivihivi. Anachuchumaa kidogo, anakutanisha viganja vilivyokunjwa na kuvigonga taratibu mara mbili tatu, halafu ndipo anapokea. Si makofi ya kushangilia. Mlio wake ni mdogo, mtu aliyeko mlangoni hausikii. Leokadia tangu aletwe hakuwahi kufanya hivyo, na wala hatukutegemea, maana mikono yake ilikuwa na kazi nyingine. Nilikuja kujua baadaye kwamba bibi yake alimfundisha alipokuwa na miaka minne, kabla ngumi hazijaanza, na kwamba kwa mtoto asiye na maneno hilo ndilo lililokuwa neno lake pekee.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya dagaa. Nilimwekea sahani mkekani. Akaniangalia. Akainua makalio kutoka chini, akachuchumaa, mikono yake ikakutana na kupanda mpaka chini ya kidevu, na viganja vikagongana. Nilielewa papo hapo. Sikuhitaji hata nukta ya kufikiri. Nimekua nikifanya hivyo mwenyewe kila siku ya Mungu. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na daftari. Yeye aliona mikono imepita kifua, mikono ileile, karibu na uso uleule. "Mikono, Verediana," alisema. Na mimi nikampulizia.

Hakulia. Alinitazama tu, maji yakimdondoka kwenye nyusi, kisha akakaa. Nilimwambia Mwalimu nini? Sikumwambia kitu. Nilijiambia nitamweleza jioni, kwa sababu jioni ndiyo muda wa kufikiri. Jioni alikuwa amefurahi, alikuwa anahesabu siku zisizo na ngumi hata moja, alisema mwisho wa mwezi tutampeleka kwa daktari wa macho kifua mbele. Sikutaka kumwonyesha doa kwenye daftari letu. Ningeweza kusingizia hilo la mchana: nilikuwa kijana, mkuu wangu alikuwa mlangoni, nilishtuka. Lakini chakula cha jioni tulikuwa peke yetu, mimi na watoto. Mwalimu alikuwa ameenda mjini. Leokadia akachuchumaa tena, akagonga viganja tena, safari hii kwa haraka zaidi, kama mtu anayerudia kwa sababu hakusikiwa. Na nilimpulizia tena. Hakuna aliyeniamuru. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kuruka mara moja kunaharibu yote, na nilikuwa nimejivunia mno kutoruka. Nikaandika mstari kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi mchana nilipoleta sahani, mikono ilianza kuinuka, ikafika tumboni, ikasimama. Akaitazama chupa. Akaisukuma mikono yake chini ya mapaja na kuikalia. Tangu siku hiyo alipokea chakula hivyo, ameikalia mikono, mpaka nimwambie ale. Wageni waliokuja kituoni walimsifu kwa utulivu. Mwezi wa kumi daktari wa macho alisema jicho la kushoto limepona kabisa na la kulia limesimama pale lilipokuwa, haliharibiki tena. Mwalimu alilia ofisini kwa daktari, mbele za watu. Tuliiweka chupa kabatini, na ngumi hazikurudi.

Mama Leokadia alikuja kumchukua mwezi wa kumi na mbili, na kikapu cha ulezi na jogoo aliyefungwa miguu. Alimtazama mtoto machoni, jicho moja kisha la pili, akiyafunika kwa zamu na kumwonyesha kidole, na kidole kilipofuatwa alikaa chini. Kisha akapiga magoti mbele yangu, mimi binti mdogo, akagonga viganja mara nyingi mno, ameinamisha kichwa, mpaka nikamwomba asimame. Akatoa muhindi wa kuchemsha kwenye kanga akamnyooshea mwanawe. Leokadia alikalia mikono yake. Mama alisubiri na muhindi hewani. Alisubiri muda mrefu kuliko mtu anavyosubiri mtoto apokee muhindi. Kisha akamwekea mapajani, akaniambia kwa Kifipa, "Amekuwa mtulivu," na mimi nikasema ndiyo, mama, amekuwa mtulivu. Wakaondoka. Mwalimu alihamishiwa mkoa mwingine mwaka uliofuata na amekwisha kufa, naye sikumwambia.

Nilipanda basi la Namanyere asubuhi baada ya ile simu, nikawahi maziko. Siwezi kuyaeleza sana. Padri alisema marehemu hakuwahi kumkosea mtu, na hilo lilikuwa kweli. Niliombwa nilale. Kesho yake, baada ya uji, nilimkuta Mama Leokadia jikoni, amekaa kwenye kigunia, anapukuchua maharage makavu kwenye ungo, mzee sana sasa, mikono yake bado ina kasi. Nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, akasogea kunipa nafasi. Nikakaa, nikachukua maganda mapajani, na nikamweleza. Nilimweleza kwa Kifipa, kwa sababu sikutaka neno lolote lipotee. Chupa aliijua, nilimweleza lile sharti la mikono kupita kifua, Ijumaa ya dagaa, Mwalimu mlangoni, na jioni ambayo hapakuwa na mtu mlangoni. Nilisema, "Nilijua anashukuru. Nilijua, na nikampulizia maji."

Hakuacha kupukuchua. Aliuliza, "Mara mbili?" Nikasema mara mbili. Akauliza kama mtoto alilia. Nikasema hakulia. Nje wajukuu walikuwa wakiosha masufuria, mmoja akimgombeza mwenzake kwamba amemwaga maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na nilikuwa nimejiandaa pia kwa msamaha, na nitasema ukweli, msamaha ndio nilioutaka.

"Jicho nisingelikataa," alisema. "Hata ningejua, ningeweka dole tena. Alikuwa anaona nyuso zetu, alikuwa anaona njia ya kisimani. Hilo ulifanya, nami nilikushukuru, sirudishi." Akapepeta ungo, akapuliza maganda. "Lakini nilipompelekea ule muhindi, nilimsubiri. Uliniona nikisubiri?"

"Nilikuona, mama."

"Nilidhani ugonjwa umekula hata hilo. Nikasema basi, nisimsumbue mtoto kwa kitu ambacho hakimo tena ndani yake. Nikaacha kumwomba. Bibi yake akataka kumfundisha, nikamkataza, nikamwambia utamuumiza bure." Sauti yake haikupanda. "Miaka yote ile nimempa chakula mara mbili kwa siku, na alikalia mikono, na mimi niligeuka nisimwone. Kumbe alikuwa anaogopa maji. Ungeniambia siku ile pale kituoni, Vere, ungesema neno moja tu, ningekaa naye, ningemshika viganja vyake hivi, ningemfundisha upya."

Alikuwa ameshika viganja vyangu kunionyesha. Kisha akaviachia, akanisogezea maharage mengine, na tukaendelea.